Az-Zahrawi: Tabibu wa Andalusia aliyejali fizi na meno

Ijumaa ya leo tunamzungumzia mwanachuoni ambaye jina lake ni mashuhuri katika historia ya utabibu, ingawa watoto wa madrasa zetu hapa Ujiji hulisikia kwa nadra. Naye ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, ambaye Wazungu walimwita Abulcasis.

Alizaliwa yapata mwaka 936 Miladia, katika mji wa Az-Zahra karibu na Qurtuba, Andalusia, nchi ambayo leo ni Hispania. Nisba yake ya Al-Ansari yamhusisha na Ansari wa Madina. Habari za maisha yake ni chache, kwani mji wake uliporwa na kubomolewa mwaka 1010 katika fitina iliyousambaratisha ukhalifa wa Qurtuba, naye akafariki yapata mwaka 1013. Kilichosalimika ni kitabu chake, At-Tasrif, chenye juzuu 30. Juzuu ya mwisho ni ya upasuaji, na ndani yake mna michoro ya zana zipatazo 200, ili mwanafunzi asiyepata kukaa na mwalimu aone kwa macho umbo la chombo anachoelezwa. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri juzuu hiyo kwa Kilatini mjini Toledo, na matabibu wa Ulaya wakaitegemea kwa karne kadhaa.

Tunapenda kukaa zaidi kwenye milango yake ya meno. Az-Zahrawi alifundisha kwamba ukoga mgumu, mweusi, wa manjano au wa kijani, hujikusanya juu ya meno na baina ya fizi, na kwamba ukoga huo ndio unaoziharibu fizi. Tabibu amketishe mgonjwa mbele yake, akilaze kichwa chake mapajani, kisha aukwangue ukoga jino baada ya jino mpaka uishe, na usipoisha arudie siku nyingine. Kwa kazi hiyo pekee alichora vikwangulio 14 vya maumbo mbalimbali, kwa kuwa chombo kinachofaa upande wa nje wa jino hakifai upande wa ndani. Wala hakupenda haraka ya kung'oa. Alionya kwamba maumivu humdanganya mgonjwa akaonesha jino zima, likang'olewa bure na bovu likabaki.

Jino lililolegea aliliunga na yaliyo imara kwa uzi wa dhahabu. Lililong'oka alilirudisha mahali pake, au akachonga mfano wake kwa mfupa wa ng'ombe na kulifunga vivyo hivyo, likabaki kinywani likitumika. Alichagua dhahabu kwa sababu fedha hubadilika rangi baada ya siku chache. Msomaji wa hadithi hapa atamkumbuka sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani kabla ya Uislamu, akaweka pua ya fedha ikamnukia, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Abu Daud na Tirmidhi wameipokea habari hiyo, na wanavyuoni wameitumia kuruhusu kuunga meno kwa dhahabu penye haja. Mwanamume anayetaka dhahabu kwa pambo tu, hilo ni jambo jingine.

Hapa Ujiji aliwahi kukaa tabibu mwingine, David Livingstone, aliyefika mara ya kwanza mwaka 1869 na kukutana na Stanley mwaka 1871. Safari zake za mwisho zilimpokonya meno mengi, na katika mji huu hakuwapo mtu wa kumwekea mengine. Leo wako wazee wetu wenye kofia za meno na madaraja ya meno yaliyogandishwa yasitoke. Tumewasikia baadhi wakisema kwamba jino la bandia halioozi, basi halihitaji uangalizi. Ni kweli kwamba kofia haioozi. Lakini imesimama juu ya jino la asili, na jino hilo linashikwa na ufizi na mfupa. Ukoga ukijificha penye ukingo wa kofia, ufizi huvimba na kutoa damu, na mfupa huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Az-Zahrawi hakuwa na njia ya kuona chini ya ufizi. Njia hiyo ilianza mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipogundua miale ya eksirei. Hata hivyo picha ya eksirei ina mipaka yake: huonesha mfupa umebaki kiasi gani, lakini nyama ya ufizi haionekani vizuri, na madini ya kofia hutokea meupe yakaficha kilicho nyuma yake. Picha za kompyuta za pande tatu nazo huchafuliwa na mistari inayotokana na madini hayo. Watafiti wanajaribu mawimbi ya sauti ili waione nyama yenyewe. Kwa sasa daktari wa meno huiweka picha pamoja na macho yake na kijiti chembamba chenye alama za milimita, anachokiingiza taratibu baina ya ufizi na jino. Kina cha milimita 1 hadi 3 bila damu kwa kawaida ni dalili njema. Kikizidi hapo, hutafuta sababu.

Mswaki wa mti, ambao ni sunna, husafisha nje ya meno hayo, lakini haufiki chini ya daraja. Hapo hupitishwa uzi maalumu au kiburashi chembamba, kila siku. Ama kutawadha na kuoga janaba, mwenye meno yasiyotoka halazimiki kuyatoa, na katika madhehebu ya Imamu Shafi kusukutua kwenyewe ni sunna. Wallahu a'lam.