Lavoisier: Aliyeipa Kemia Lugha

Dhana isiyo na jina haifundishiki kwa urahisi, na yenye jina bovu hupotosha. Ukweli huu unadhihirika katika maisha ya Antoine-Laurent Lavoisier, aliyezaliwa jijini Paris, Ufaransa, tarehe 26 Agosti 1743. Alisomea sheria, lakini moyo wake ulielekea sayansi, naye akachaguliwa kujiunga na Akademia ya Sayansi mwaka wa 1768. Mwaka uo huo alinunua hisa katika shirika la watu binafsi lililomkusanyia mfalme kodi. Faida ya shirika hilo iligharimia maabara yake. Baadaye ikamgharimu uhai.

Enzi hizo dutu za kemia ziliitwa mafuta ya vitrioli, siagi ya antimoni, maua ya zinki au ini la salfa. Mafuta hayo hayakuwa mafuta, wala siagi hiyo haikulika. Mwanafunzi hakuwa na budi kukariri kila jina peke yake, kwani halikumwonyesha dutu imeundwa na nini. Fauka ya hayo, wataalamu waliamini kuwa kitu kinapoungua hutoa dutu iliyoitwa flogistoni, ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

Lavoisier aliitegemea mizani. Mwaka wa 1772 alibaini kuwa salfa na fosforasi huongezeka uzito zinapoungua. Ikiwa kuungua ni kupoteza, uzito huo ulitoka wapi? Mnamo Oktoba 1774, Mwingereza Joseph Priestley alizuru Paris, akamweleza habari za hewa aliyoipata kwa kupasha moto unga mwekundu wa zebaki, hewa iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu. Priestley alishikilia flogistoni hadi kufa kwake. Lavoisier alitambua kuwa hewa hiyo ndiyo inayoungana na kitu kinachoungua, akaiita oksijeni, neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha kizaa asidi. Mwaka wa 1783 alitangaza kuwa maji si elementi, bali ni kampaundi ya oksijeni na gesi iliyokuja kuitwa haidrojeni, yaani kizaa maji.

Mwaka wa 1787, yeye pamoja na Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walichapisha utaratibu wa kuunda majina. Elementi ilipewa jina moja sahili. Kampaundi ikaitwa kwa elementi zinazoiunda. Maua ya zinki yakawa oksidi ya zinki. Viambishi tamati navyo vilibeba maana: salfeti ilidokeza oksijeni nyingi kuliko salfaiti, ilhali salfaidi haikuwa nayo kabisa. Kitabu chake cha mwaka wa 1789 kiliorodhesha elementi 33 na kueleza kuwa katika mmenyuko wa kikemia dutu hubadilika, lakini uzito wa jumla haupungui wala hauongezeki. Michoro ya vifaa ilichorwa na mkewe, Marie-Anne Paulze, aliyemtafsiria pia maandishi ya Kiingereza.

Hata hivyo, jina oksijeni lilificha kosa. Lavoisier aliamini kuwa kila asidi ina oksijeni. Mwaka wa 1810 Humphry Davy alionyesha kuwa klorini ni elementi, na kwamba asidi yake na haidrojeni haina oksijeni hata chembe. Nadharia ilianguka, jina likabaki.

Lavoisier hakuishi kuyaona hayo. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwageukia wakusanya kodi, na tarehe 8 Mei 1794 akakatwa kichwa pamoja na wenzake 27, akiwemo babamkwe wake. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Kiswahili kiliyapokea majina hayo kupitia Kiingereza. Mwanafunzi asiyejua Kigiriki haoni asidi ndani ya oksijeni, hivyo kosa la Lavoisier halimpotoshi. Lakini pia haoni maji ndani ya haidrojeni. Kinyume chake, mwako unamrejesha kwenye waka, myeyuko kwenye yeyuka na mgando kwenye ganda. Istilahi za aina hii ndizo zinazotimiza azma ya Lavoisier: jina limfikishe msomaji kwenye kitu chenyewe. Muundaji wa istilahi anayeichagua njia hiyo hana budi kwanza kuhakikisha kuwa anakifahamu kitu anachokipa jina, kwa kuwa jina huishi kuliko nadharia iliyolizaa.