Jaji aliyepokea zawadi

Wanaokuja kumwona padre mikono mitupu ni wachache. Huyu ana kuku, yule ana mkungu wa ndizi, na kwa kawaida ni upendo tu. Lakini mara mojamoja kuku hufika leo na ombi likafuata kesho. Hapo humkumbuka Francis Bacon, ambaye seminari tulifundishwa falsafa yake bila kuambiwa kwamba alifungwa jela.

Alizaliwa London tarehe 22 Januari 1561. Baba yake alikuwa mtunza muhuri wa Malkia Elizabeth I. Mama yake, Anne, alikuwa Mprotestanti msomi aliyetafsiri mahubiri. Akiwa na miaka 12 aliingia Trinity College, Cambridge. Baba alipofariki mwaka 1579, Francis, kitinda mimba, aliambulia urithi mdogo. Akasomea sheria, akaingia bungeni, akaanza kukopa. Madeni hayakumwacha tena.

Essex, kipenzi cha malkia, alimpigania apate cheo, na alipokikosa akampa ardhi. Mwaka 1601 Essex aliasi, akashtakiwa kwa uhaini, na upande wa mashtaka alisimama Bacon. Rafiki alikatwa kichwa. Huenda sheria ilikuwa upande wa Bacon, lakini sehemu hii huisoma kwa shida.

Chini ya Mfalme James I alipanda hadi kuwa Lodi Chansela mwaka 1618, jaji mkuu wa mahakama ya Chancery. Mwaka 1620 akatoa kitabu chake Novum Organum. Humo alifundisha kwamba maumbile hayajulikani kwa kukariri ya wazee, bali kwa kutazama, kujaribu, na kuhesabu pia yale yanayotupinga. Maana mtu akishapenda wazo, huona yanayoliunga mkono tu. Mielekeo hiyo ya akili kujidanganya aliiita sanamu.

Machi 1621 watu wawili walilalamika bungeni. Christopher Aubrey alikuwa amempa pauni 100, na Edward Egerton pauni 400, kesi zao zikiwa mbele yake. Wote wawili hawakupata walichotaka! Wengine wakajitokeza, hata mashtaka yakafika 28. Zama zile kumpa jaji zawadi ilikuwa desturi, na Bacon alishikilia kwamba hukumu zake hazikununuliwa. Walalamikaji wale wawili walikuwa karibu ushahidi wake. Lakini Kutoka 23:8 haingoji hukumu ipinde. Inasema zawadi huwapofusha wenye kuona. Na huyu alikuwa ameona kuliko wengi. Katika hesabu ya wanaojidanganya alijisahau yeye mwenyewe.

Mwanzoni alituma maungamo ya jumla. Baraza la Malodi likayakataa. Likataka ajibu shtaka moja baada ya jingine. Sisi tunaoketi kusikiliza maungamo tunaijua tofauti hiyo. Akiwa mgonjwa, akaandika tena, kosa kwa kosa. Malodi wakatuma wajumbe kumuuliza kama sahihi ni yake. Akakubali.

Alitozwa faini ya pauni 40,000, akafungiwa vyeo vyote na kupelekwa jela ya Mnara wa London. Mfalme alimtoa baada ya siku chache na kumwondolea mzigo wa faini, ila mahakamani hakurudi. Miaka mitano iliyobaki aliandika bila kuchoka. Mwaka 1625 alichapisha zaburi saba alizozigeuza mashairi, ikiwemo ya 90, akazitoa kwa heshima ya mshairi George Herbert.

Husimuliwa kwamba majira ya kuchipua ya 1626 alisimamisha gari la farasi, akanunua kuku na kumjaza theluji aone kama baridi huzuia kuoza, akapata homa. Wapo wanaoitilia shaka hadithi ya kuku, ingawa barua yake ya mwisho inataja majaribio ya kuhifadhi miili. Alifariki Highgate tarehe 9 Aprili, asubuhi ya Jumapili ya Pasaka, akiacha madeni ya zaidi ya pauni 20,000.