Elijah Masinde, mfungwa wa Lamu tuliyemsahau

Hapa Kibomet, Kitale, nilikokuja kumzuru shemeji yangu, jina la Elijah Masinde halitoki midomoni mwa wazee. Nami mtoto wa Pwani niliona haya. Mtu huyu aliwekwa kizuizini kwetu Lamu, na sijapata kumsikia akitajwa barazani.

Masinde alikuwa Mbukusu wa Kimilili, hodari wa mpira. Mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Baadaye akawa tarishi wa korti ya wenyeji, akipeleka samansi, kwa hivyo serikali aliijua kwa ndani.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, vijana walitiwa Keya wakapelekwa Abisinia na Burma. Hilo twalijua. Tusilolisema ni jinsi waliobaki nyumbani walivyobebeshwa vita hivyo. Majeshi yalitaka mahindi, pareto, nyama. Wajapani walipoiteka Ufilipino mwaka 1942, katani ya huku ikawa kama dhahabu. Masetla wa Trans Nzoia wakahakikishiwa bei ya mahindi, bora kuliko aliyolipwa Mwafrika, na mwaka huohuo serikali ikahalalisha watu kushikwa kwa nguvu wakawalimie. Machifu ndio waliotakiwa kuleta watu. Kwa Wabukusu uchungu ulizidi, kwani sehemu ya ardhi ile waliihesabu kuwa ya babu zao.

Masinde akakataa. Hakwenda, na akawahimiza wenzake wasiende. Mwaka 1945 akapelekwa Mathari, hospitali ya wenye wazimu, akakaa hadi 1947. Anayekataa kulimishwa kwa nguvu shamba lililokuwa la babu yake, huo ni wazimu gani?

Alipotoka, Dini ya Msambwa aliyoiongoza ilizidi kupata wafuasi. Mimi ni Muislamu, ibada ya mizimu siikubali, lakini dhuluma ni dhuluma. Februari 1948 polisi waliwafyatulia watu risasi Malakisi, wakaua 11. Masinde akakamatwa, akaletwa Lamu, kisha akahamishiwa Marsabit. Hakuachiwa mpaka uhuru ulipokaribia.

Hata Kenya huru haikumstahimili. Dini yake ilipigwa marufuku mwaka 1968, naye akarudishwa jela zaidi ya mara moja. Alifariki mwaka 1987.

Wazee wangu wa Lamu, ikiwa yupo aliyemwona siku zile, au aliyesimuliwa na babake, namwomba atuandikie.