Munganga Loubatières na watoto wenye kuzaliwa na sukari

Bandugu, tukiona mutu mwenye ugonjwa wa sukari anameza kompirime asubuhi, tukumbuke Auguste Loubatières. Alizaliwa mwaka 1912, akafanya kazi ya utafiti mu Montpellier, kusini ya Ufaransa. Alikufa mwaka 1977, lakini kazi yake ingali inasaidia watoto wachanga.

Mwaka 1942, wakati wa vita, mwenzake Marcel Janbon alikuwa anatunza wagonjwa wa tifoide. Aliwapa dawa mpya. Wamoja wakatetemeka, wakazimia, wengine wakafa. Loubatières akatafuta sababu. Alipompa imbwa mzima dawa ile, sukari ya damu ilishuka. Alipompa imbwa aliyetolewa kongosho, kile kiungo nyuma ya tumbo chenye kutengeneza insulini, sukari haikushuka. Hapo akaelewa: dawa haishushi sukari yenyewe, inasukuma kongosho itoe insulini. Kutoka pale njo kulizaliwa kompirime kama glibenklamidi.

Zamani, mutoto aliyepata sukari mbele ya miezi 6 alikuwa wa kuchomwa shindano ya insulini, na wamoja maisha yote. Mwaka 2004, watafiti wa Exeter, Uingereza, pamoja na wenzao, wakaonyesha kwamba kwa wamoja kosa iko ku jeni moja, KCNJ11. Jeni hiyo inaongoza mlango mdogo ku seli za kongosho. Sukari ikipanda, mlango unapaswa kufungwa, ndipo insulini itoke. Jeni ikiharibika, mlango unabaki wazi, insulini haitoki. Kompirime inaufunga. Mwaka 2006, kati ya wagonjwa 49 wenye kosa hiyo, 44 waliacha shindano.

Tunaandika haya juu ya wamama wa Kasenga. Mutoto mchanga akikojoa mingi, akikonda hata ananyonya muzuri, watu wanasema mama alikula sukari mingi, ao ni bulozi. Hapana! Mara mingi kosa hiyo inaanza kwa mutoto mwenyewe, wazazi wote ni wazima. Tumupeleke lopitali siku ile ile wapime sukari, kisha tuombe damu yake ipimwe jeni. Lakini mutu asiache insulini bila munganga: kompirime haifai kwa kila mutoto.

Na sisi wa sendika, tukikaa na wakubwa wa kazi kuzungumza matunzo ya jamaa zetu, kipimo hiki nacho kiandikwe.