Alfred Russel Wallace, Mkusanyaji wa Vipepeo

Katika watu mashuhuri ambao nimesoma habari zao, hakuna aliyenivutia kama Bwana Alfred Russel Wallace. Alizaliwa karibu na Usk, nchi ya Wales, mwaka 1823. Wazazi wake hawakuwa na mali, kwa hiyo aliacha shule akiwa na miaka 14 akajifunza kupima ardhi. Baadaye alifundisha shule mjini Leicester, na huko rafiki yake, Henry Bates, akamtia shauku ya kukusanya wadudu.

Mwaka 1848 wote wawili walisafiri kwenda mto Amazon. Wallace alikaa huko miaka minne, akijilipia gharama kwa wadudu na ndege waliouzwa Uingereza. Alipokuwa akirudi mwaka 1852, meli ilishika moto katikati ya bahari. Karibu mali yake yote iliteketea, naye akakaa siku 10 katika mashua mpaka meli nyingine ikawaokoa. Mtu mwingine angalikata tamaa. Yeye alishika tena wavu wake mwaka 1854, akaenda visiwa vya Malaya, ambavyo vingi leo vimo katika Indonesia.

Katika kisiwa cha Bacan alimwona kipepeo mkubwa ajabu, akamkosa. Alingoja miezi, hata mwaka 1859 akamnasa dume. Mabawa yake yalikuwa meusi yenye rangi ya chungwa iwakayo kama moto, na upana wake ulipita inchi 7. Moyo wa Wallace ulimwenda mbio, akakaribia kuzimia, na kichwa kikamwuma mchana kutwa kwa furaha.

Huenda msomaji akacheka. Lakini Wallace hakukusanya uzuri tu. Aliandika mahali alipopatikana kila mdudu, akajiuliza kwa nini wa kisiwa hiki hafanani na wa kisiwa cha jirani. Tayari mwaka 1858, akiuguzwa na homa, alikuwa amefahamu jinsi viumbe wanavyobadilika, akamwandikia Charles Darwin. Maandishi yao yalisomwa pamoja London tarehe 1 Julai mwaka huo.

Alirudi kwao mwaka 1862, akiwa amekusanya viumbe 125,660. Alifariki mwaka 1913, mwenye miaka 90.

Wanafunzi wenzangu, vipepeo wapo hata kando ya viwanja vyetu. Tuwatazame, kisha tuulize.