Tumkumbuke Daudi Kabaka, Mwimbaji wa Ujana wa Wazee Wetu



Tulipokuwa tukiandaa kijitabu hiki cha jubilii, tuliwauliza waanzilishi wa kwaya yetu walikuwa wakiimba nini kabla ya kujiunga na kwaya. Tulitarajia watutajie nyimbo za kitabu cha kanisa. Wakacheka, kisha wakamtaja Daudi Kabaka. Mama mmoja wa sauti ya pili aliinuka, mkongojo mkononi, akatuonyesha jinsi twisti ilivyochezwa. Katika kamati wengine waliuliza mwanamuziki wa dansi anaingiaje katika kijitabu cha kwaya. Tunaomba msome hadi mwisho.

Daudi Kabaka alizaliwa mwaka 1939 huko Kyambogo, Uganda, katika familia ya Waluhya. Jina tulilomjua nalo ni cheo cha mfalme wa Buganda, lakini yeye hakulelewa ikulu. Alikuja Nairobi, na huko gitaa ndilo lililompa riziki.

Miaka ya 1960 alirekodi katika studio za Equator Sound, zilizokuwa za Charles Worrod. Bendi ya studio hiyo ilikusanya vijana wa kila upande: Fadhili William kutoka Taita, Gabriel Omolo aliyekuja baadaye kuvuma na wimbo wa Lunch Time, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Walichanganya mapigo ya kwela ya kusini mwa Afrika na twisti iliyotoka Marekani, wakaimba kwa Kiswahili ambacho mtu wa Kampala, Mombasa au Kitale angeelewa bila mkalimani. Kabaka akaitwa mfalme wa twisti. Basi cheo kile kilimfikia kwa njia nyingine.

Wimbo wake Helule Helule ulivuka bahari. Mwaka 1968 kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes liliurekodi, ukaingia katika nyimbo ishirini bora za nchi hiyo. Msichana wa Elimu ulizungumzia msichana aliyesoma, wakati ambapo wasichana wengi wa vijiji vyetu walikuwa bado wanahesabiwa kwa vidole shuleni. Harambee Harambee ulibeba mwito ambao Mzee Jomo Kenyatta aliutoa kwa taifa changa, na kwa miaka mingi redio ya taifa iliutumia kama muziki wa utangulizi. Hata asiyejua jina la Kabaka aliujua wimbo huo.

Huku kwetu ulifika kwa redio na santuri. Wazee wa Bungoma wanakumbuka redio moja ikisikilizwa na boma zima, na betri zilizochoka zikianikwa juani ili zipate nguvu kidogo za kumalizia kipindi. Wazee wa Kitale wanakumbuka siku ya mshahara kwenye mashamba ya mahindi, wakati santuri ilipowekwa na vumbi likatimka hadi giza likaingia. Kabaka mara nyingi aliimba na mwenzake, sauti mbili zikienda bega kwa bega. Waanzilishi wetu wanasema hapo ndipo walipojifunza kushika sauti ya pili bila kuvutwa na ya kwanza. Mwalimu wa kwaya alipokuja na solfa yake ubaoni, masikio yao yalikuwa tayari.

Mwaka 1972 Kabaka aliondoka Equator baada ya kutoelewana kuhusu malipo ya nyimbo. Aliendelea na kundi lake la African Eagles, na miongoni mwa kazi zao ni Western Shilo, wimbo uliobeba jina la upande wetu huu wa magharibi. Lakini nyakati zilikuwa zinabadilika. Wanamuziki kutoka Kongo walikuwa wakiingia Nairobi na rumba yao ndefu, na kufikia 1976, mwaka ambao Les Mangelepa walianzishwa, vijana walikuwa wanataka gitaa la namna nyingine. Twisti ikawa muziki wa wakubwa. Kabaka hakuweka gitaa chini. Aliendelea kupiga hadi uzeeni, nyimbo zake zikiombwa katika vipindi vya zilizopendwa.

Alifariki tarehe 24 Novemba 2001. Fadhili William alikuwa ametangulia mwezi wa Februari mwaka huohuo. Wawili hao walisikika hadi ng'ambo, lakini mali waliyoiacha haikulingana na umaarufu wao. Wimbo wa Malaika, ambao Fadhili alikuwa wa kwanza kuurekodi, uliimbwa na Miriam Makeba na hata Boney M, na bado watu waligombania nani hasa aliutunga.

Hapa ndipo tunapojibu swali la kamati. Tulipofungua kabati la kwaya ili tuorodheshe nyimbo tulizoimba tangu mwanzo, tulikuta daftari nyingi za solfa zilizoandikwa kwa mkono. Maneno yapo, noti zipo, hata tarehe ya tamasha ipo. Jina la mtunzi halipo. Nyimbo zaidi ya nusu ziko hivyo. Mmoja wa waliotutungia tulimzika miaka michache iliyopita, na siku ya mazishi tuliimba wimbo wake mwenyewe karibu na kaburi. Wajukuu wake walituuliza baadaye ni wimbo wa kwaya gani ya mjini. Tuliona haya.

Sisi hatuimbi kwa ajili ya pesa, na utukufu ni wa Mungu. Lakini Zaburi zenyewe zimeandikwa majina juu yake: Daudi, Asafu, wana wa Kora. Kama Biblia haikuona vibaya kuwataja waimbaji, sisi tumekuwa wanyenyekevu kwa niaba ya wenzetu bila kuwauliza. Kabaka aligombea haki ya kazi yake akiwa hai na akiwa na nguvu. Watunzi wetu hawakugombea chochote, na ndiyo maana ni rahisi zaidi kuwasahau.

Kwa hiyo kurasa za mwisho za kijitabu hiki zina orodha ya nyimbo zetu, na mbele ya kila wimbo tumeacha mstari. Pale tulipokuwa na hakika tumejaza jina. Pengine pako wazi. Wageni wetu wa kutoka Bungoma, ninyi mliokuwa mkija mazoezini kwa matatu ya Kimilili, na wazee wetu wa hapa Kitale, tunawasihi mchukue kalamu. Andikeni mnayemkumbuka, kisha mrudishe ukurasa huo mezani kwa katibu kabla hatujaketi kula. Ibada ya Jumapili ijayo tutaanza kwa kuyasoma majina hayo, kabla ya kuimba.