Jean Purdy, muuguzi aliyeliona yai likigawanyika

Huku kwetu, kutoka Kilifi hadi Malindi, ndoa ikitimiza miaka miwili bila mtoto, anayeulizwa ni mke. Mavyaa huanza kwa mafumbo, mwisho mwanamke huitwa tasa waziwazi. Mume haulizwi, ingawa tatizo laweza kuwa lake. Wenye uwezo huuza kiwanja wakaenda Mombasa au Nairobi kutafuta mimba ya maabara. Wanaoifunga safari hiyo wana deni kwa muuguzi mmoja Mwingereza, marehemu Jean Purdy.

Alizaliwa Cambridge mwaka 1945, akasomea uuguzi. Mwaka 1968, akiwa na miaka 23, aliajiriwa na mtafiti Robert Edwards, aliyekuwa akijaribu kulikutanisha yai la mwanamke na mbegu ya mwanamume nje ya tumbo. Daktari aliyejua kuyatoa mayai kupitia kijitundu kidogo tumboni, Patrick Steptoe, alikuwa Oldham, kaskazini mwa nchi. Kutoka Cambridge hadi huko ni kama kutoka Malindi kwenda Mombasa na kurudi. Jean aliikata njia hiyo miaka na miaka. Yeye ndiye aliyetayarisha maji ya kulelea mayai, aliyeandika madaftari, na aliyekaa na wanawake waliokuwa wakisubiri majibu. Mama yake alipougua na Jean akaenda kumuuguza, kazi ilikwama.

Na kazi yenyewe ilikuwa ya kuvunja moyo. Kati ya 1969 na 1978 walijitolea wanawake 282. Zilizoshika ni mimba 5. Watoto waliozaliwa hai ni 2.

Hapo nisimame kidogo. Kliniki za leo zimepiga hatua kubwa, lakini ukitajiwa asilimia ya mafanikio kabla hujatoa pesa, uliza ni mafanikio gani: mimba iliyoshika, au mtoto aliyepelekwa nyumbani? Tano si mbili. Uliza pia ni kwa wanawake wa umri gani, maana wa miaka 28 na wa miaka 42 hawana bahati sawa.

Tuendelee. Lesley Brown alikuwa na mirija ya uzazi iliyoziba, tatizo linalowapata wengi hapa Afrika, mara nyingi kwa maambukizi yasiyotibiwa mapema. Novemba 1977 alitolewa yai moja tu. Jean ndiye wa kwanza kuliona kwenye darubini likigawanyika. Tarehe 25 Julai 1978 akazaliwa Louise Brown.

Baadaye Jean ndiye aliyelipata jumba la Bourn Hall, karibu na Cambridge, ambako kliniki yao ilifunguliwa mwaka 1980. Hakuifaidi sana. Saratani ya ngozi ilimuua Machi 1985, akiwa na miaka 39.

Hata kabla hajafa, wakubwa wa afya wa Oldham walipanga kibao cha kumbukumbu. Edwards aliwaandikia kuomba jina la Jean liwemo. Likaachwa. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, na kibao chenye majina yote matatu kikawekwa mwaka 2015. Wakati huo watoto wa kwanza wa Kenya waliopatikana kwa njia hiyo, waliozaliwa Nairobi mwaka 2006, walikuwa tayari wa umri wa shule ya msingi.